Kifundo cha Mguu ni Amana

Michuano ya mwondoano ya ligi kubwa ya mpira wa vikapu huko Marekani, ya mwaka 2025, iliwaachia wapenzi wa mchezo huo gumzo refu. Wachezaji watatu wenye sifa kubwa, Damian Lillard, Jayson Tatum na Tyrese Haliburton, kila mmoja kwa siku yake, walikatika kano ya kisigino, ile kamba nene inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu na kujishika nyuma ya kisigino. Haliburton yalimfika katika mchezo wa saba wa fainali, ulio wa mwisho kabisa, mbele ya macho ya ulimwengu. Lillard alikuwa na umri wa miaka 34, Tatum 27, na Haliburton 25 tu.

Mwaka huohuo LeBron James, aliyezaliwa tarehe 30 Desemba 1984, aliingia msimu wake wa 23 katika ligi hiyo, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyelifanya kabla yake. Ukiyaweka mambo haya mawili kwenye mizani moja, wapata swali linalotuhusu hata sisi tulio mbali na fedha zao na madaktari wao. Je, ni umri unaomvunja mtu uwanjani, ama ni namna alivyoutunza na kuutayarisha mwili wake? Kijana wa miaka 25 amekatika, na mtu mzima aliyekaribia 41 angali akiruka.

Nasema swali latuhusu kwa sababu watu wa makamo wanaocheza mpira wa vikapu si wageni katika Pwani yetu. Pita jioni, baada ya swala ya alasiri, kwenye viwanja vya saruji vya Mombasa, utawakuta. Ni watu waliocheza walipokuwa shuleni miaka ya themanini, wakaacha walipooa na kushikwa na kazi, na sasa wamerudi. Wengine wamerudishwa na daktari aliyewaambia sukari imepanda, wengine ni damu inayokwenda kwa nguvu, na wengine ni hamu tu ya kukutana na marafiki. Huvaa suruali zao zilizopita magoti, wakacheza nusu ya uwanja, watatu kwa watatu, na kicheko kikawa kingi kuliko mabao.

Jamii yetu imegawanyika juu yao. Kuna wanaowacheka: mtu na ndevu zake nyeupe, ati anakimbizana na mpira, si aende barazani akacheze bao! Kuna na wale wanaowapigia makofi, na ushauri wao wote ukaishia dukani: nunua kiatu cha bei, chenye shingo ndefu, basi hutaumia. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosa. Mzee yafaa acheze, tena ana haja ya kucheza kuliko kijana. Lakini kinachomlinda hakiuzwi kwenye sanduku la viatu.

Kwanza tutazame kuna nini cha kupoteza. Mchezaji mashuhuri akiumia kifundo cha mguu, hulipwa mshahara wake akiwa kitandani. Fundi seremala, mchuuzi wa samaki ama mwalimu wa madrasa akiumia, riziki husimama. Na sisi Waislamu tuna hasara nyingine tuijuayo vyema. Kisimamo cha swala, rukuu, sijida, na kile kikao cha attahiyatu ambapo mguu hukunjwa chini ya mwili, vyote hupitia kwenye kifundo. Tazama viti vinavyozidi kupangwa pembeni mwa safu misikitini. Dini ni nyepesi na kiti ni ruhusa kwa mwenye udhuru, wala hapana aibu ndani yake. Lakini hakuna anayekimbilia udhuru huo kwa hiari yake, na kila mmoja wetu angependa paji lake la uso lifike mkekani maadamu yu hai.

Sasa kifundo huumia vipi? Aghalabu mchezaji huruka kunyakua mpira, akashuka, na mguu usifike chini sawasawa. Ama hukanyaga mguu wa mwenziwe. Wayo hupinduka kwa ndani, na uzito wote wa mwili huangukia upande wa nje. Upande huo una kano tatu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na ile ya mbele ndiyo dhaifu zaidi na ndiyo hutatuka kwanza. Haya ndiyo tunayoyaita kuteguka. Kwa kijana, kano zina unyumbufu, misuli ni mepesi kuitikia, na damu hufika haraka kuponya. Miaka inapokwenda, kano hukakamaa, misuli hupungua, na ile hisi inayouambia ubongo mguu umeelekea wapi huwa nzito. Habari huchelewa kufika, na mguu umekwisha kupinduka.

Wataalamu wa Australia walichapisha mwaka 2001 uchunguzi juu ya wachezaji wa mpira wa vikapu, baada ya kuhesabu zaidi ya mara 10,000 za watu kuingia uwanjani. Waliona kwamba karibu nusu ya majeraha ya vifundo yalitokea mchezaji alipokuwa akitua. Waliona pia mambo matatu yanayoongeza hatari. Aliyewahi kuteguka zamani alikuwa karibu na mara tano zaidi katika hatari ya kuteguka tena. Aliyevaa viatu vyenye vifuko vya hewa kisiginoni alizidi mara nne. Na asiyenyoosha viungo kabla ya mchezo alizidi mara mbili na nusu.

Hilo la kwanza ndilo kubwa, na kwetu wenye umri ndilo lenye kutugusa. Ni nani katika sisi aliyefika miaka hamsini asiwahi kuteguka hata mara moja? Wengi tuliteguka utotoni, kwenye mpira wa miguu ama kwa kuruka ngazi za mji wa kale, uvimbe ukashuka, maumivu yakaisha, tukasema tumepona. Kumbe maumivu yalikwisha na udhaifu ukabaki. Kano iliponyooka haikurudi ilivyokuwa, na ile hisi ya mguu haikufunzwa tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ndio ufa wenyewe, nao umekaa miaka thelathini ukingoja siku mwenyewe atakaporuka.

Tuje kwenye viatu, kwa kuwa ndiko fedha za watu zinakopotelea. Mwaka 1993 Marekani walichunguza wachezaji 622 wa vyuo, wengine wakavaa viatu vya shingo ndefu na wengine vya shingo fupi. Haikuonekana tofauti ya kusema katika idadi ya walioteguka. Haya si maneno ya kukataza mtu kununua kiatu kizuri. Kiatu kiwe kipya kiasi, wayo wake usiwe umelika upande mmoja, kikae sawa mguuni, kifungwe kamba hadi juu, na kisigino chake kisiwe kirefu na laini kama godoro. Lakini shingo ya kiatu peke yake si ngao.

Kifaa kilichothibitika zaidi ni kile kikaza kifundo cha kitambaa kigumu, kinachofungwa kwa kamba kama kiatu na kuvaliwa ndani ya raba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa katika shule za sekondari 46 za Marekani kwa wachezaji 1,460 wa mpira wa vikapu, ulionyesha kwamba waliovaa kikaza walipata majeraha ya kifundo kwa kiwango cha thuluthi moja tu ya wale wasiovaa. Hao walikuwa vijana, lakini kazi ya kikaza ni ileile kwa mguu wa mzee, na hasa ule uliowahi kuteguka. Hata hivyo, kikaza ni mkongojo wa saa ya mchezo tu. Anayekivaa kutwa nzima, nyumbani na sokoni, huizoeza misuli yake uvivu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Stephen Curry. Leo hutajwa kwa ufundi wake wa kutupa mpira kutoka mbali, lakini mwanzoni wengi walimtaja kwa kifundo chake cha kulia. Alipasuliwa mwaka 2011, akapasuliwa tena mwaka 2012, na msimu wa 2011-12 alicheza mara 26 tu. Walikuwako waliosema mguu ule hautafika mbali. Wakufunzi wake hawakutazama kifundo peke yake. Walimwimarisha nyonga, mapaja na mgongo, ili mwili unapogeuka ghafula mzigo usianguke wote kwenye kifundo. Akachukua ubingwa wa ligi mara nne, mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022, na mwaka 2024, akiwa na miaka 36, akavaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Paris. Kifundo ni mlinzi wa mlango, na mlinzi hawezi kuzuia kitu ikiwa nyumba nzima imelala.

Kabla yake alikuwako Kareem Abdul-Jabbar, aliyesilimu akiwa kijana na kulitangaza jina lake la Kiislamu mwaka 1971. Alicheza misimu 20 na kustaafu mwaka 1989 akiwa na miaka 42. Miaka hiyo wenziwe wengi waliona kunyoosha viungo kuwa ni mchezo wa watu wasio na kazi. Yeye alishika mazoezi ya yoga ya kunyoosha mwili na kuusawazisha, na mwenyewe aliyahesabu kuwa sababu ya kudumu kwake.

Basi mzee mwenzangu afanye nini, asiye na mkufunzi wala chumba cha mazoezi? Mambo ni machache na hayana gharama. La kwanza ni kusimama kwa mguu mmoja. Simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, uhesabu hadi thelathini, kisha ubadilishe. Fanya hivyo unapopiga mswaki, asubuhi na usiku. Ukishazoea, fumba macho, na hapo utaona ni jambo gumu kiasi gani. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa vijana 765 wa shule waliocheza kandanda na mpira wa vikapu, na wale waliofunzwa mazoezi ya namna hii waliteguka kwa uchache kuliko wenzao.

Na zoezi hili halimfai mchezaji peke yake. Madaktari wa Brazil waliwafuata watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba wale walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde kumi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Haina maana kwamba mguu ndio uliowaua. Umri na ajali viko mikononi mwa Mungu. Lakini mwili uliopoteza usawa huwa umepoteza na mengine yasiyoonekana. Sisi tuna mtihani huu mara tano kwa siku. Mtazame mtu anapotawadha bombani, anapoinua mguu kuuosha hadi kwenye vifundo. Akiweza kusimama bila ya kushika ukuta, yuko salama kiasi. Akiyumba, amepewa habari mapema.

La pili ni kuinuka kwa ncha za vidole. Simama kwenye kidato cha ngazi, visigino vikining'inia, uinuke polepole na ushuke polepole zaidi, mara kumi na tano, upumzike, urudie mara tatu. Hili ndilo linaloipa nguvu ile kano ya kisigino iliyowaangusha wale mashujaa watatu. La tatu ni kukaa na kuinuka kitini bila ya kutumia mikono, kwa ajili ya mapaja na nyonga. La nne ni kujifunza kutua. Kijana hutua kwa kishindo akasahau. Wewe utue kwa miguu miwili, magoti yakikunjika, na kama msongamano ni mkubwa chini ya kikapu, usiruke. Mpira mmoja ukipotea hauna hasara mfano wa mwezi mzima kitandani.

La tano, kabla ya kuanza tembea haraka na ukimbie polepole dakika kumi hivi, hadi jasho jembamba likutoke. Wanaocheza usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe wazingatie hili zaidi, kwa kuwa mwili umekaa kutwa bila ya maji, na mara hutoka msikitini ukaingia uwanjani papo kwa papo. Kunywa maji kwanza, upashe misuli, ndipo ucheze.

Kuna na hatari moja ambayo wengi hawaijui, nayo iko kwenye kabati la dawa. Dawa ya kuua viini iitwayo siprofloksasini, ambayo watu wengi huinunua dukani kwa maradhi ya tumbo ama ya mkojo, ni ya ukoo wa dawa ambazo tangu mwaka 2008 serikali ya Marekani imeamuru ziwekewe onyo kali. Zaweza kudhoofisha kano hata zikakatika, hasa kano ya kisigino, na hatari huzidi kwa aliyepita miaka 60 na kwa anayetumia dawa za namna ya kotizoni. Ukipewa dawa hiyo, mwulize daktari kabla ya kurudi uwanjani, na ukihisi maumivu nyuma ya kisigino mweleze upesi.

Mguu ukishateguka, mila yetu ni kumwita mkandaji. Siwavunjii heshima wakandaji wetu, wana mikono yenye baraka na wametufaa kwa mengi. Lakini kuukanda kwa nguvu mguu ulioteguka sasa hivi, damu ingali ikivuja ndani, ni kuzidisha uvimbe, na ikiwa kuna mfupa uliovunjika ni kuzidisha balaa. Kwanza yapasa kujua kama umevunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitunga mwaka 1992 kanuni nyepesi ambayo hutumika duniani hadi leo. Ikiwa mtu hawezi kwenda hatua nne kwa mguu huo, ama akibonyezwa kwenye yale mafundo mawili ya mfupa, upande wa nyuma ama kwenye ncha yake, anapata maumivu, apelekwe akapigwe eksirei. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asingoje maumivu, aende hata kama hayapo.

Kama mfupa ni mzima, siku mbili tatu za mwanzo fungia bendeji, inua mguu, usiubebeshe mzigo. Kisha usiulaze. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 ndiye aliyeieneza kanuni ya kupumzisha mguu na kuuwekea barafu, mwaka 2014 aliandika mwenyewe kwamba barafu na mapumziko ya kupita kiasi huweza kuchelewesha kupona. Mguu huponywa kwa kuusogeza kidogo kidogo, kadiri maumivu yanavyoruhusu, na kwa yaleyale mazoezi ya usawa. Usirudi uwanjani kwa sababu tu uvimbe umeshuka. Rudi utakapoweza kuruka kwa mguu huo peke yake sawa na ule mzima.

Limebaki jambo ambalo mchezaji hawezi kulitengeneza peke yake, nalo ni uwanja. James Naismith alipoubuni mchezo huu mwezi Desemba 1891 huko Springfield, alitaka mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi, juu ya sakafu iliyo sawa. Sisi twauchezea nje juu ya saruji, na saruji yenyewe ina nyufa, ina mchanga ulioletwa na upepo, na pengine mtaro umepita hatua mbili nyuma ya kikapu. Nakijua kiwanja kimoja ambapo nguzo ya chuma imesimama mahali mchezaji anapotua, na mwaka hata mwaka haing'olewi. Kijana huikwepa. Mzee hawezi kuikwepa kila siku.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Hivyo kuziba ufa wa uwanja ni wajibu na haki, wala si hisani ya mwanasiasa wakati wa kura. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewahimiza wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya nguvu na usawa siku tatu ama zaidi kwa wiki. Wafanyie wapi, ikiwa kila kipande cha ardhi kimezungushiwa ukuta na kilichosalia kina mashimo? Kina mama nao wana haki hiyo. Shirikisho la dunia la mchezo huu liliondoa mwaka 2017 katazo la kujifunika kichwa, na binti zetu wanaocheza leo kwa hijabu watakuwa na miaka hamsini kesho. Ufagio, gunia la saruji na taa mbili za usiku havitaifilisi kaunti yoyote.

Twajua sote kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tumezoea kuwatupia watoto. Lakini mkuu naye anapokwenda uwanjani kwa mbio za ujana alizozikumbuka, bila ya kuuandaa mguu alionao leo, amsikilize nani? Ausikilize mwili wake. Aanze usiku huu kwa kusimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki, ahesabu amefika ngapi, na kesho aongeze moja.